Tathmini: NumPy, SciPy na SymPy zinapoulizwa renki

Maktaba hizi tatu za Python ni za bure, na kwa anayetaka kujua renki ya matriksi (idadi ya mistari yake isiyojengeka kutoka kwa mingine), au kuibana opereta kubwa (kanuni ya mstari inayogeuza vekta au funksheni kuwa nyingine) iwe ya renki ndogo, hakuna haja ya kutoa hela kununua programu nyingine. Hilo liwekwe wazi mapema, maana yanayofuata yana malalamiko mengi. Funksheni ambayo wengi huikimbilia, numpy.linalg.matrix_rank, ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote kifurushini. Wewe unauliza renki. Yenyewe inahesabu ni thamani singula ngapi (namba zisizo hasi zinazopima nguvu ya kila kipande cha matriksi) zimevuka kizingiti ilichojipangia, kisha inakurudishia namba moja tu. Zilizobaki chini ya kizingiti zilikuwa karibu nacho kiasi gani, hukuambiwa. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mara nyingi mbuzi yumo. Asipokuwemo, hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Tathmini hii inahusu NumPy 2 na matoleo ya karibuni ya SciPy na SymPy. Scikit-learn (ya kujifunza kwa mashine) na galois (ya hesabu za nyanja zenye mwisho) zimeguswa pale tu zinapoziba pengo.

Kwanza tukubaliane tunachokipima. Opereta T ina renki yenye kikomo pale matokeo yake yote yanapokaa ndani ya nafasi ya dimensheni yenye kikomo, yaani inaandikika hivi: Tx = ⟨x, v₁⟩u₁ + ⟨x, v₂⟩u₂ + … + ⟨x, vᵣ⟩uᵣ. Idadi ndogo kabisa ya vipande inayotosha, r, ndiyo renki. Ukizidisha opereta ya renki 3 kwa opereta yoyote yenye mpaka, kulia au kushoto, renki haizidi 3. Ukijumlisha ya renki 3 na ya renki 4, haizidi 7. Kwa sababu hiyo opereta hizi ni ideali ndani ya aljebra ya opereta zote zenye mpaka. Katika nafasi ya Hilbert, ukizikusanya pamoja na vikomo vyake kwa normu (yaani opereta zote zinazokaribiwa nazo kadiri upendavyo), unapata opereta kompakti zote, bila kubaki hata moja. Katika nafasi za Banach kwa jumla mambo si hivyo: mwanahisabati Per Enflo alitoa mfano wa kupinga, ukachapishwa mwaka 1973, na zawadi yake ilikuwa bata bukini hai, ambaye mwanahisabati mwenzake Stanisław Mazur alikuwa amemwahidi tangu mwaka 1936.

Sentensi ile ya vikomo ndiyo chanzo cha matatizo yote ya programu hizi. Opereta ya renki isiyo na mwisho inaweza kukaa karibu sana na ya renki 8, karibu kiasi kwamba tarakimu 16 za kompyuta haziwezi kuzitofautisha. Upande wa pili, ukiichukua matriksi ya renki 5 ukainyunyizia makosa madogo ya vipimo, renki yake inaruka hadi juu kabisa. Mabadiliko madogo ya kutosha hayawezi kuishusha renki, lakini kuipandisha ni rahisi mno. Kwa hiyo programu yoyote inayotumia desimali inalazimika kukisia, na ubora wake unapimwa kwa jinsi inavyokisia na jinsi inavyokuonyesha ilichokisia.

matrix_rank: kizingiti kilichofichwa

Ndani yake inavunja matriksi kwa SVD (uvunjaji wa thamani singula, unaoiandika A kama U × ulalo wa thamani singula × Vh), inapanga thamani singula σ₁ ≥ σ₂ ≥ …, kisha inahesabu zilizo kubwa kuliko σ₁ × max(m, n) × ε. Hapa m na n ni idadi ya mistari na safu, na ε ni pengo kati ya 1 na desimali inayofuata kwenye kompyuta. Kwa desimali za biti 64, ε ni 2.22 × 10⁻¹⁶. Kwa biti 32 ni 1.19 × 10⁻⁷. Kanuni hii inafaa pale ambapo kosa pekee kwenye data ni la kompyuta kukata tarakimu. Zaidi ya hapo ni bahati nasibu.

Anza na matriksi ya Hilbert, ambayo kila ingizo ni 1/(i + j − 1). Kwa kila ukubwa n renki yake halisi ni n. Hilo lina uthibitisho. scipy.linalg.hilbert(10) inapewa jibu sahihi, 10. Ukiongeza hadi hilbert(12), matrix_rank inasema 11. Thamani ya mwisho ipo kwenye daraja la 10⁻¹⁶ na kizingiti ni kama 4.8 × 10⁻¹⁵, basi imekatwa. Hakuna kilichoharibika; desimali za biti 64 haziioni.

Mfano wa opereta unafundisha zaidi. Chukua opereta ya integrali kwenye [0, 1] yenye kiini K(x, y), yaani inayogeuza f kuwa ∫K(x, y)f(y)dy, igeuze matriksi kwa kuchukua nukta n za katikati ya vipande: x = (i − ½)/n, kisha zidisha matriksi nzima kwa 1/n. Kuzidisha huko hakubadili renki, ila kusipofanyika thamani singula zinakua pamoja na n na huwezi kuzilinganisha kutoka gridi moja hadi nyingine. Ukitumia nukta za Gauss kutoka leggauss (ya numpy.polynomial.legendre), zipo kwenye [−1, 1], hivyo hamisha kwa x = (t + 1)/2 na gawa uzito kwa 2; uzito wenyewe uingie kwa kipeuo cha pili chake (√), kushoto na kulia, ili matriksi ibaki linganifu.

Kwa kiini cos(x − y), ambacho ni cos x cos y + sin x sin y, jibu ni 2 kwa n yoyote. Vizuri. Kwa kiini min(x, y), jibu ni 200 ukiweka n = 200, na 1000 ukiweka n = 1000. Hiyo nayo ni taarifa ya kweli: renki inapanda sambamba na gridi, ishara ya opereta isiyo na renki ya kikomo.

Sasa weka kiini e^(xy). Opereta hii haina renki ya kikomo hata kidogo, lakini thamani zake singula zinaporomoka kwa kasi: 1.353, 0.106, 0.00356, na ikifika ya nane ni kama 1.4 × 10⁻¹². Kwa n = 200 kizingiti ni 6 × 10⁻¹⁴, na matrix_rank inajibu 8. Ongeza n hadi 10000: kizingiti kinapanda hadi 3 × 10⁻¹² kwa sababu fomula ina n ndani yake, thamani ya nane inaachwa nje, na jibu linashuka kuwa 7. Umeisafisha gridi mara 50 na renki imepungua. Mtu asiyejua fomula ya kizingiti atatafuta hitilafu kwenye integrali yake mpaka achoke.

Jambo la kufanya ni kuacha kuomba namba na kuomba orodha:

s = np.linalg.svd(A, compute_uv=False)

Chora s kwa mhimili wima wa logariti. Utaona moja kati ya sura tatu. Ikiwa kuna genge kali, mfano σ₂ iko karibu na 0.1 na σ₃ iko kwenye 10⁻¹⁷, renki ni 2 na huhitaji kizingiti cha mtu. Ikiwa mstari unateremka bila kukatika hadi sakafu ya 10⁻¹⁶, huna renki yenye kikomo. Una opereta inayokaribiwa vizuri na renki ndogo, na namba ya kuripoti ni ile inayotokana na usahihi unaoutaka. Ikiwa unateremka kisha unatandaa kuwa uwanda juu ya sakafu hiyo, uwanda huo ni kelele za vipimo.

Kelele zina hesabu yake. Matriksi ya mistari m na safu n iliyojaa kelele huru zenye mchepuko sanifu τ ina thamani singula kubwa inayokaribia τ(√m + √n). Tuseme data ni 500 × 300, renki ya kweli 5, kelele 10⁻⁶. Kelele zinafika kama 4 × 10⁻⁵. matrix_rank(A) inasema 300, maana kizingiti chake kipo chini sana. matrix_rank(A, tol=1e-4) inasema 5. Ukijua kifaa chako cha vipimo kinakosea kiasi gani, tol unaipata kwa kikokotoo cha simu.

Angalizo kuhusu parameta: tol ni kipimo kamili, rtol (iliyoingia na NumPy 2.0) inapimwa kwa uwiano wa σ₁. Anayegeuza data kutoka mita kwenda milimita anazidisha thamani zote kwa 1000, na tol ile ile ya jana leo inatoa renki nyingine. Kwa kazi ya vipimo tumia tol na uandike vizio pembeni. Kwingine kote tumia rtol.

Data ya biti 32 ni mtego mwingine. Matriksi ya 1000 × 1000 inapata kizingiti cha 1.2 × 10⁻⁴ ya σ₁, na chochote chini ya hapo kinahesabiwa sifuri. Geuza kwa astype(np.float64) kabla ya kuuliza, ingawa tarakimu zilizopotea wakati wa kuhifadhi hazirudi.

Renki 2 inayosomeka 1

Wanaofanya mifumo ya mistari na mifuatano hukutana na matriksi za Hankel, ambazo ingizo lake linategemea i + j tu. Nadharia ya Kronecker inasema matriksi ya Hankel isiyo na mwisho ina renki yenye kikomo pale tu mfuatano wake unapotii kanuni ya kujirudia ya mstari, na renki hiyo ndiyo urefu wa kanuni fupi kabisa. Fibonacci ina kanuni ya hatua mbili, kwa hiyo renki ni 2, kwa ukubwa wowote kuanzia 2.

Jenga ya 20 × 20 kwa scipy.linalg.hankel na matrix_rank inatoa 2. Jenga ya 40 × 40, kuanzia F₁ hadi F₇₉, inatoa 1. Sababu inahesabika: σ₁ ni kama 2.3 × 10¹⁶, kizingiti kinakuwa kama 208, na σ₂ haizidi 0.45. Kipande cha pili cha Fibonacci, kile kinachofifia, kimemezwa na kile kinachokua. Juu ya hayo, F₇₉ imevuka 2⁵³, hivyo biti 64 za desimali haziwezi kuhakikisha tarakimu zake zote.

Tiba ni kupima upya. Zidisha matriksi kushoto na kulia kwa ulalo wenye 1, φ⁻¹, φ⁻², …, ambapo φ = 1.618… Ulalo usio na sifuri haugusi renki, lakini sasa maingizo yote yapo karibu na 0.7, σ₁ ni kama 29, σ₂ ni kama 0.3, na jibu ni 2 bila ubishi. Kanuni hii inafaa kila mahali: kabla ya kuuliza renki ya matriksi ambayo mistari yake ina ukubwa tofauti sana, sawazisha mistari na safu kwanza. Programu haifanyi hivyo kwa niaba yako.

SVD yenyewe

Hapa sifa zinastahili. numpy.linalg.svd inategemea gesdd ya LAPACK (maktaba ya aljebra ya mstari iliyo chini ya NumPy), ni ya haraka na sahihi, na inakupa makadirio bora ya renki k: Eckart na Young walionyesha mwaka 1936 kuwa ukibakisha vipande k vya kwanza, hakuna matriksi nyingine ya renki k iliyo karibu zaidi kwa normu ya Frobenius, kwa normu ya opereta mambo ni yale yale, na kwa normu hiyo ya opereta kosa ni σₖ₊₁ kamili. Huna haja ya kubahatisha k. Kwa kiini min(x, y), thamani singula zinajulikana kwa fomula, 1/((j − ½)²π²), hivyo renki 10 inaacha kosa la 9.2 × 10⁻⁴, na kufikia 10⁻⁶ unahitaji renki 318. Kwa e^(xy) vipande vitano vinatosha kushuka chini ya 10⁻⁶. Opereta mbili, kazi moja, bei tofauti kabisa. Jua uko upande gani kabla ya kuahidi mtu yeyote kasi.

Mistari ya kuandika ni miwili:

U, s, Vh = np.linalg.svd(A, full_matrices=False)
Ak = (U[:, :k] * s[:k]) @ Vh[:k]

full_matrices=False si pambo. Chaguo-msingi ni True, na kwa matriksi ya 10000 × 50 chaguo hilo linajenga U ya 10000 × 10000, yaani MB 800 za RAM, ambazo safu 9950 kati yake hutazitumia. Kwenye kompyuta ya GB 4 mashine inaganda na watu wanadhani SVD ndiyo nzito. Ni chaguo-msingi baya, na limeachwa hivyo miaka mingi.

Vh imeshapinduliwa. Wanaotoka MATLAB, ambako wanapewa V, huongeza .T na kupata matriksi isiyo na maana; ikiwa A ni ya mraba hakuna hata kosa la ukubwa la kukushtua. Mara zote pima: np.linalg.norm(A - Ak, 2) ilingane na s[k].

Ukipata LinAlgError inayosema SVD haikufikia jibu, angalia kwanza np.isfinite(A).all(). Mara nyingi kuna NaN moja (alama ya "si namba") imejificha kutoka kwenye faili la CSV. Kama data ni safi na bado inagoma, tumia scipy.linalg.svd(A, lapack_driver='gesvd'), ambayo ni ya polepole lakini mvumilivu.

Kinyume bandia (pinv, kinachotumika pale matriksi isipokuwa na kinyume cha kweli) kina mgogoro wa kifamilia. matrix_rank inakata kwa max(m, n) × ε, lakini numpy.linalg.pinv bado inakata kwa 10⁻¹⁵ usipoipa parameta. Kwa matriksi ya 1000 × 200 yenye renki pungufu, matrix_rank inaweka mstari kwenye 2.2 × 10⁻¹³. Thamani za kelele zinazoangukia kati ya hapo na 10⁻¹⁵ zinahesabiwa sifuri na mmoja na zinageuzwa na mwenzake, na kugeuza 2 × 10⁻¹⁵ kunaleta 5 × 10¹⁴. Majibu yanalipuka. scipy.linalg.pinv inatumia max(m, n) × ε yenyewe; chukua hiyo. lstsq, ile ya miraba midogo kabisa, nayo imesawazishwa tangu NumPy 2.0, na ina kitu kizuri ambacho wachache hukitumia: inarudisha renki na thamani singula pamoja na jibu. Mabaki yakirudi tupu, usidhani ni hitilafu. Hutokea renki ikiwa chini ya idadi ya safu, au mistari ikiwa haizidi safu.

Kubwa mno kuijaza RAM

Faida halisi ya renki yenye kikomo ni kutoiandika matriksi kabisa. Matriksi ya 10000 × 8000 inakula MB 640. Ikiwa ni ya renki 20, vekta zake zote zinaingia kwenye chini ya MB 3, na kuizidisha na vekta kunataka kuzidisha mara 360,000 badala ya milioni 80. SciPy ina aslinearoperator: aslinearoperator(U * s) @ aslinearoperator(Vh) inakupa kitu kinachofanya kazi kama matriksi bila kuwa nayo, na unaweza kukipitisha kwenye svds, gmres na wenzao. Kosa la kawaida ni kuandika U @ Vh mapema, kwa mazoea, na kuijenga upya ile MB 640 uliyoikimbia.

Mfumo wenye ulalo D pamoja na nyongeza UVᵀ ya renki 20 hutatuliwa kwa fomula ya Woodbury: D⁻¹ − D⁻¹U(I + VᵀD⁻¹U)⁻¹VᵀD⁻¹. Kazi nzito pekee ni mfumo wa 20 × 20. Uiandike mwenyewe kwa mistari mitano, na upime namba ya hali (np.linalg.cond) ya ile I + VᵀD⁻¹U. Ikikaribia kukosa kinyume, jibu linapoteza tarakimu hata kama D ni safi.

scipy.sparse.linalg.svds ni kwa matriksi zenye sifuri nyingi. Ina tabia nne za kukumbuka. Inatoa thamani 6 usipotaja k. Haikuhakikishii mpangilio, hivyo panga mwenyewe kwa np.argsort(s)[::-1] na ubebe U na Vh pamoja. Inakataa namba kamili. Jedwali la idadi za maneno lipitishe kwenye astype(float). Na kwa chaguo-msingi la ARPACK inafanyia kazi AᵀA, ambako thamani zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usiiamini kwa thamani zilizo chini ya kama 10⁻⁸ ya σ₁. Kwa hizo tumia solver='propack'. Kwa vyovyote usiite toarray(): 100000 × 50000 ikijazwa ni GB 40.

randomized_svd ya scikit-learn ndiyo chaguo letu kwa k ya makumi na matriksi nene, zisizo na sifuri nyingi. Inazidisha A kwa vekta za nasibu, k + 10 kwa chaguo-msingi, na kurudia mara 4, au 7 ikiwa k ni chini ya asilimia 10 ya upande mdogo. Thamani zikishuka kwa kasi, jibu linakaribia sana la SVD kamili. Zikishuka polepole, ongeza n_iter kabla ya n_oversamples, na weka random_state, la sivyo kesho tarakimu za mwisho zitabadilika na mwenzako atadhani umebadilisha data.

Renki kamili, bila desimali

SymPy inafanya kazi kwa sehemu kamili, hivyo Matrix(12, 12, lambda i, j: Rational(1, i+j+1)).rank() inatoa 12, na Hankel ya Fibonacci ya 40 inatoa 2. Ukiijenga kutoka orodha ya kawaida ya Python yenye 1/(i+j+1) badala ya Rational, Python inaingiza desimali na umerudi ulikotoka, safari hii bila SVD ya kukulinda. Ni ya polepole. Matriksi ikizidi mamia ya mistari, pitia DomainMatrix.from_Matrix(M).to_field().rank(), ambayo ni nyepesi zaidi.

Ina udhaifu mmoja ambao mtihani wa aljebra hupenda kuuliza. Mpe matriksi yenye herufi, [[a, 1], [1, a]], anajibu 2. Ni kweli kwa a nyingi; kwa a = 1 na a = −1 renki ni 1. SymPy haikutajii visa hivyo. Tafuta wapi determinanti inakuwa sifuri, hapa a² − 1, kisha jibu kila kisa peke yake.

Kwa makundi ya Abeli na moduli juu ya namba kamili, rank() inakupa sehemu huru tu. Kilichofichwa kwenye vipande vyenye mwisho kinatoka kwa smith_normal_form. Na kumbuka kuwa renki yenye kikomo haimaanishi vizalishi vichache: kundi la namba zote za sehemu, kwa kujumlisha, lina renki 1 lakini hakuna orodha yenye mwisho ya vizalishi inayolitosha. Hakuna programu kati ya hizi itakayokuonya hapo.

Wanaosoma nadharia ya misimbo wasitumie NumPy tupu hata kidogo. Matriksi yenye mistari 110, 011 na 101 ina renki 3 kwa namba halisi. Kwa hesabu ya mod 2 mstari wa tatu ni jumla ya miwili ya kwanza, na renki ni 2. NumPy inasema 3 kwa kujiamini kabisa. Maktaba ya galois inatatua: geuza data iwe safu ya galois.GF(2), kisha ita np.linalg.matrix_rank ile ile, nayo itafanya hesabu ndani ya uwanja sahihi.

Kuzipata

NumPy haifiki MB 25 za kupakua, SciPy inakaribia MB 40, SymPy ni kama MB 6. Darasa zima halihitaji kila mtu kuchoma bando lake: mmoja apakue kwa pip download numpy scipy sympy -d folda, aiweke kwenye flashi, na wengine waingize kwa pip install --no-index --find-links folda numpy scipy sympy. Toleo la Python na mfumo wa kompyuta vilingane na vya aliyepakua, la sivyo pip itasema haioni kifurushi chochote ilhali mafaili yapo mbele yake. Mwenye simu tu au kompyuta dhaifu anaweza kutumia Google Colab, ambako zote tatu zimeshawekwa. Galois pekee ndiyo utaiingiza mwenyewe, kila unapofungua kikao kipya.